Boma Lisilovunjika: Namna ya Kulinda Mifugo Bila Kuua Simba

Mei 2023, upande wa Kenya karibu na Amboseli, simba waliingia kwenye boma moja la Mbirikani wakaua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Simba sita wakauawa kwa mikuki. Siku chache kabla yake, katika ikolojia hiyohiyo, Loonkiito, dume la umri wa miaka 19 na mmoja wa simba wazee kabisa waliofahamika porini, alikuwa ameuawa vilevile baada ya kuingia kwenye makazi ya wafugaji. Ndani ya wiki moja simba kumi wakawa wamekufa.

Mfugaji aliyeamka akakuta zizi limelowa damu hawezi kufarijiwa kwa habari za utalii. Mbuzi wale walikuwa ada ya shule, dawa ya mtoto, mahari. Hasira yake ni ya haki. Ila nimeyaona maboma ya kutosha, na ninaamini kwamba simba wengi wanaouawa kwa kisasi kifo chao huanza jioni, pale mlango wa boma unapozibwa kwa tawi moja la mwiba na watu wakaenda kulala. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye boma, na mengine nitayagusa kwa kadiri yanavyostahili.

Hatua ya kwanza: msome mzoga kabla ya kumtaja mhusika

Ukikuta mnyama amekufa, zuia watu na mbwa wasikanyage pale. Nyayo hufutika upesi sana watu wakishaanza kuzungukazunguka. Funika unyayo ulio wazi kwa sufuria au ndoo, kisha piga picha kwa simu, ukiweka kiberiti pembeni ili ukubwa wake uonekane.

Kabla hujagusa chochote, angalia pua, mdomo na sehemu ya haja. Kama damu nyeusi inatoka na haigandi, na mnyama alikufa ghafla bila jeraha, huo huenda ni ugonjwa wa kimeta. Usipasue, usichune, wala usiruhusu mtu ale. Mwite daktari wa mifugo.

Kama dalili hizo hazipo, chukua kisu uchune ngozi ya shingo kidogo, palipo na matundu ya meno. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai, chini ya ngozi utakuta damu imevilia na nyama imebadilika rangi, kama mtu aliyepigwa rungu. Ngozi ikiwa safi kwa ndani na nyama ina rangi yake ya kawaida, basi mnyama wako alikufa kwanza, kwa ugonjwa au sababu nyingine, na fisi akaja baadaye kula mzoga. Fisi analaumiwa kwa vifo vingi ambavyo hakuvisababisha, na mfugaji anayemkimbiza fisi huku ugonjwa unaendelea zizini atapoteza zaidi.

Sasa mtafute muuaji. Simba hubana koo au huziba mdomo na pua mpaka mnyama akose hewa, na humuweza ng'ombe mkubwa na punda. Chui naye huenda kooni, lakini kwa kawaida huchukua mbuzi, kondoo, ndama au mbwa, kisha huburuta. Fuata mburuzo na utazame juu ya miti. Fisi hana subira ya kukaba. Huanza kurarua mapaja, tumbo na kiwele mnyama akiwa bado hai, na huvunja mifupa ambayo wengine huiacha. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa hiyo. Duma huwinda mchana, hukaba koo la mbuzi au kondoo aliyetengana na wenzake. Mbwa mwitu huja kwa kundi asubuhi au jioni na hupasua tumbo.

Kwenye udongo, simba na chui huficha kucha wanapotembea, kwa hiyo unyayo wao hauna alama za kucha. Wa simba hujaza kiganja cha mtu mzima, wa chui haujazi. Duma, fisi na mbwa mwitu kucha zao huonekana, na unyayo wa mbele wa fisi ni mkubwa kuliko wa nyuma.

Yote haya yana maana kwa sababu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Chui hupita juu, fisi hupita chini, na duma na mbwa mwitu kwa kawaida hawaji bomani usiku. Simba ana mbinu yake, nayo ndiyo inayofuata.

Hatua ya pili: jenga boma la kuwazuia ng'ombe, si la kumzuia simba peke yake

Wengi hudhani simba huruka ua, huchagua ng'ombe na kuondoka naye. Hutokea, lakini mara nyingi ng'ombe wenyewe ndio wanaommalizia kazi. Simba wakikaribia na upepo ukaipeleka harufu yao zizini, ng'ombe huchanganyikiwa. Wanasukumana kwa pamoja kwenda upande wa pili, ua unalala, kundi linamwagika gizani, na huko nje ndiko wanakouawa. Asubuhi mwenye boma anaapa kwamba simba walivunja ua. Itazame miiba: imelala kuelekea nje. Waliovunja walikuwa ndani.

Kwa hiyo ua wako upimwe kwanza kwa bega lako kutokea ndani. Sukuma kwa nguvu zako zote. Kama unayumba kwa mtu mmoja, ng'ombe hamsini wenye hofu hautawashinda.

Kisha upime usiku. Mtu mmoja akae ndani na tochi, aizungushe chinichini, wewe utembee nje. Kila mahali utakapoona mwanga chini ya urefu wa goti ni njia ya fisi. Paweke alama, na kesho uzibe kwa mawe au miiba iliyofukiwa.

Ua wa miiba ya migunga ukijengwa vizuri unafaa. Mashina ya matawi yakae upande wa ndani na ncha za miiba zitazame nje, ili mnyama aliye nje asipate pa kushika na kuvuta. Ongeza matawi mapya kila yanapokauka na kushuka. Ua uliokuwa kifuani wakati wa masika unaweza kuwa kiunoni kufikia kiangazi, na mwenyewe usitambue kwa sababu unauona kila siku.

Ukiwa na uwezo, au kijiji kikipata mradi, tumia wavu wa seng'enge wenye urefu wa mita 2 hivi. Tatizo lake ni nguzo. Nguzo za miti mikavu huliwa na mchwa, na wavu mzuri unaishia kuning'inia. Wafugaji wa Simanjiro, nchini Tanzania, wamepata jibu ninalolipenda kuliko yote: kuta hai. Badala ya nguzo kavu hupandwa vigingi vya miti ya jamii ya manemane, ambavyo huota mizizi kwa urahisi, na wavu hufungwa kwenye miti hiyo. Mchwa hawaili kama nguzo kavu, na kila mwaka inavyonenepa ukuta unazidi kuwa imara, huku matawi yakiongeza kimo juu ya wavu. Vigingi vikatwe mwishoni mwa kiangazi na kupandwa mvua zinapokaribia, vikae karibukaribu. Kisichochipua king'olewe na kingine kipandwe.

Halafu mlango. Nimeona boma la wavu mpya, limegharimu fedha nyingi, na mlango wake ni kichaka cha miiba kinachoburutwa. Fisi hakuhangaika na wavu hata dakika moja. Mlango uwe wa mbao nzito, au wa bati la pipa la mafuta lililokunjuliwa na kupigiliwa kwenye fremu, kama wanavyofanya wafugaji wengi wa Kenya. Ufunguke kwa ndani na uegemee nguzo, ili ng'ombe wakiusukuma wazidi kuufunga. Pengo la chini lisiipite ngumi yako. Komeo liwe la chuma, si kamba, na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake kila jioni ni kulifunga. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe.

Ndani ya boma gawa vyumba. Ndama na mbuzi wakae katikati, karibu na nyumba, katika kizizi chao chenye paa la wavu au fito zilizobanana, maana chui haulizi kimo cha ukuta, atapanda. Kuta za ndani pia hulivunja nguvu kundi lisipate nafasi ya kukimbia likaja kwa pamoja.

Hatua ya tatu: taa na mbwa

Richard Turere alikuwa na umri wa miaka 11, akilinda ng'ombe wa baba yake Kitengela, mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu sanamu ya mtu; usiku wa kwanza simba waliogopa, wa pili wakatambua kwamba haitembei. Kisha akagundua kwamba anapotembea na tochi hawasogei, akaunganisha betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, zikawa zinawaka kwa zamu kana kwamba mtu anazunguka boma. Mwaka 2013 alisimulia hayo mbele ya ulimwengu, na taa za aina yake sasa ziko kwenye maboma mengi.

Somo la ile sanamu msilisahau. Chochote kisichobadilika kitazoeleka. Taa zielekezwe nje, zibadilishwe mahali kila wiki chache, ziwashwe kipindi cha hatari tu inapowezekana. Na tambua kwamba taa hulinda usiku peke yake. Utafiti uliofanyika pembezoni mwa hifadhi hiyohiyo ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku yalipungua kwenye maboma yenye taa, lakini mashambulizi ya mchana yakaongezeka.

Mbwa wa kienyeji ni kengele nzuri. Wafuge wawili au watatu, walale pande tofauti za boma, walishwe. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa wakubwa wa kulinda mifugo tangu 1994, wanaolelewa pamoja na mbuzi tangu wakiwa watoto mpaka wawaone ndio familia yao. Mbinu hiyo unaweza kuijaribu na mbwa wako: mtoto wa mbwa alale zizini, asizoezwe kukaa jikoni. Ila wachanje. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini ndio waliotajwa kuwa chanzo. Chanjo ya kichaa cha mbwa, zaidi ya hayo, inawalinda watoto wako.

Hatua ya nne: mchana

Mtoto wa miaka minane hawezi kulinda ng'ombe arobaini dhidi ya simba, na nafasi yake ni shuleni. Wachungaji wawe wawili, wenye umri wa kutosha, mmoja mbele na mmoja nyuma. Epuka vichaka vizito kando ya korongo na sehemu za kunyweshea maji jioni. Ng'ombe aliyekaribia kuzaa abaki karibu na nyumbani, na kondo la nyuma lifukiwe, kwa sababu harufu yake huita fisi.

Hesabu mara tatu: wakitoka, mchana kwenye maji, na kabla ya kuingia. Mnyama anayelala porini ndiye anayeliwa kwanza, na akikosekana saa kumi na moja jioni bado kuna mwanga wa kumtafuta. Ukigundua saa mbili usiku, umechelewa.

Kuna mbinu moja ya bei nafuu kutoka Botswana. Pembezoni mwa delta ya Okavango watafiti walichora macho mawili makubwa kwenye matako ya ng'ombe, kwa sababu simba na chui huvizia, na huacha wakihisi wameonwa. Kwa miaka minne, kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuna hata mmoja aliyeuawa na wawindaji hao, wakati kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15. Rangi inafutika na lazima irudiwe, na mbinu hii haimhusu fisi, ambaye hawindi kwa kuvizia. Lakini kwa ng'ombe wanaochungwa karibu na hifadhi inafaa kujaribiwa.

Hatua ya tano: maisha ya watu

Kusini mwa Tanzania, Rufiji, Lindi na maeneo jirani, tatizo lina sura nyingine. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini na kujeruhi wasiopungua 308. Wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, wakiwa wamelala kwenye madungu mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe hufuata muhogo na mahindi, simba humfuata nguruwe, na katikati yao analala mtu.

Dungu lijengwe juu, na ngazi ivutwe juu usiku. Kuta zake zisiwe za majani matupu. Choo kiwe karibu na nyumba. Usiku usitoke peke yako wala bila mwanga. Zidisha uangalifu siku zinazofuata mwezi mpevu, mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku zinakuwa giza totoro. Simba huwinda vizuri zaidi gizani, na mashambulizi mengi yametokea katika siku hizo.

Ukikutana naye ana kwa ana, usikimbie. Mtazame, simama wima, paza sauti, rudi kinyumenyume polepole. Chui aliyejeruhiwa au aliyebanwa ndani ya nyumba usimfuate na rungu. Fungua njia, ondoa watu, ita askari wa wanyamapori. Watu wengi hujeruhiwa katika msako.

Hatua ya sita: asubuhi ya hasira

Hapa ndipo simba wanapokufa. Vijana wamekusanyika, mikuki iko mikononi, na mtu mmoja amekumbuka kopo la dawa ya shambani lililoko stoo.

Kuhusu sumu sina lugha laini. Karbofurani, dawa ya kuua wadudu wa shambani, ikinyunyiziwa kwenye mzoga haichagui. Inaua simba, fisi, bweha, mbwa wako mwenyewe, na tumbusi kwa makumi. Desemba 2015, Maasai Mara, mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu uliua simba wa kundi maarufu la Marsh. Sumu hiyohiyo hupenya ngozi ya aliyeishika, na watoto huokota chembe zake. Ukikuta mzoga una wanyama waliokufa kando yake, au nzi wamekufa juu yake, usiguse kitu. Fukuza mifugo na mbwa, weka mtu wa kulinda, toa taarifa ili sampuli zichukuliwe na mizoga iteketezwe. Mtu akigusa au kumeza, mkimbize hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Kuna jambo la kuwaambia wazee wanaposema dume lile liuawe ili tupumzike. Dume likifa, madume mapya huingia na kuua watoto wa aliyetangulia. Eneo linakuwa na vurugu ya simba wageni wasiojua mipaka ya watu. Mara nyingi unabadilisha jirani unayemjua kwa usiyemjua.

Anayeweza kuwatuliza vijana ni kijana mwenzao anayeheshimika. Ndiyo maana mpango wa Lion Guardians, ulioanza Amboseli mwaka 2007, uliwaajiri morani wenyewe, yaani vijana wapiganaji wa Kimasai, wengine wakiwa waliwahi kuua simba. Wanafuatilia nyayo, wanawapa simba majina, wanawaonya wachungaji wasipeleke ng'ombe upande fulani leo, wanatafuta mifugo iliyopotea, wanasimama mbele ya msako. Kijiji chako hakihitaji kusubiri shirika. Chagueni vijana wawili wanaojua nyayo, wapeni simu yenye salio na heshima ya kusikilizwa.

Hatua ya saba: dai haki yako

Toa taarifa siku hiyohiyo. Tanzania anza kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya. Malipo huitwa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa kifo au jeraha, na hayakusudiwi kuwa fidia kamili. Kenya nenda kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ujaze fomu inayopelekwa kwenye kamati ya kaunti. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Sheria hiyohiyo inasema anayeshindwa kuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake hatalipwa kwa hasara ya mifugo. Kwa hiyo picha ya boma lako, iliyopigwa kabla ya tukio, ni ushahidi. Ipige leo.

Malipo huchelewa, wakati mwingine kwa miaka, na hili ni jambo linaloniumiza, kwa sababu kila mwezi wa kuchelewa ni hoja mkononi mwa mwenye sumu. Baadhi ya maeneo yameanzisha mifuko yao. Mbirikani ina wake tangu 2003, na humkata malipo mfugaji ambaye boma lake lilikuwa bovu au aliyepoteza mnyama porini. Kijiji kikitaka kuiga, kianze na hilo la makato. Bila hilo mfuko utalipia uzembe mpaka uishe.

Hatua ya nane: kijiji kizima

Nyaya za kutegea swala na nguruwe huwanyima wanyama wakali chakula na huwajeruhi wenyewe. Mnyama mwenye mguu uliokatwa na waya hawezi tena kumkimbiza pundamilia. Anatafuta kinachokimbia polepole. Kung'oa nyaya ni kulinda mbuzi.

Karibu na Hifadhi ya Ruaha, Tanzania, kuna vijiji vinavyoweka kamera porini na kushindana: kila picha ya mnyama ina pointi, wale wakali na walio hatarini wana pointi nyingi zaidi, na pointi hugeuzwa kuwa msaada wa shule, zahanati na tiba ya mifugo. Ni mara ya kwanza kwa wengi kuona fisi akileta dawati.

Mwisho, nunueni daftari moja, likae kwa mtu mmoja anayejua kuandika. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, mnyama aliyekuja, aliyeuawa, hali ya mwezi, boma la nani, aina ya ua, mlango ulikuwaje. Andika pia usiku ambao nyayo zilikutwa nje na hakuna kilichoibiwa. Baada ya masika mawili fungueni kurasa hizo barazani mtazame ni maboma yapi yanajirudia, kisha siku ya kazi ya pamoja ianzie huko, na wa kwanza kubebewa nguzo awe mjane mwenye mbuzi sita na mlango wa miiba.